Koili Nne, Swichi Tatu: Kulijua Gitaa la Besi Lenye Humbaka Mbili

Umeme unaoingia majumbani na kumbini kwetu, kuanzia Mombasa hadi Mwanza, hupigapiga mara 50 kwa sekunde. Sasa shika freti ya tatu kwenye uzi mnene wa E wa gitaa la besi, upate G ya chini. Uzi huo hutetema mara 49 kwa sekunde. Tofauti ni mtetemo mmoja tu. Oktavu ya mngurumo ambao umeme huo huuleta kwenye ampu, ile ya mara 100, nayo imekaa jirani kabisa na uzi wa G ukiwa wazi, unaotetema mara 98. Kwa hiyo wimbo ukiwa kwenye kii ya G, kila bendi inapopumzika kuna G nyingine isiyo safi inayoendelea kunguruma chini ya wote, na noti zako mwenyewe zinapigana nayo. Marekani umeme ni wa mara 60, na mngurumo wake huangukia karibu na B. Huku kwetu umeangukia kwenye noti ambayo besi haiwezi kuikwepa.

Dawa ya mngurumo huo ilipatikana hukohuko Marekani. Seth Lover, fundi wa kampuni ya Gibson mjini Kalamazoo, aliomba hataza mwaka 1955 na akapewa mwaka 1959. Alichukua koili mbili badala ya moja, akageuza mwelekeo wa waya kwenye koili ya pili, kisha akageuza na ncha za sumaku yake. Mngurumo wa umeme haujali sumaku. Unaingia kwenye koili zote mbili, unatoka ukiwa umepingana, unafutana. Mtetemo wa uzi, kwa upande wake, umegeuzwa mara mbili, mara moja na waya na mara moja na sumaku, kwa hiyo unarudi ulivyokuwa na kujumlishana. Pikapu ya namna hiyo ndiyo humbaka.

Gitaa ninalolizungumzia lina humbaka mbili, moja upande wa shingo na moja upande wa daraja, pamoja na swichi za kuamua koili zipi zifanye kazi na kwa mpangilio gani. Ni chombo cha thamani kubwa kwa mtu anayepiga harusini Jumamosi usiku na kanisani Jumapili asubuhi. Lakini wako wapigaji wengi wanaolinunua kwa fedha walizodunduliza, kisha swichi zinabaki zilivyotoka dukani mwaka mzima, kwa kuwa hakuna aliyewaeleza zinafanya kazi gani. Hao ndio ninaowaandikia.

Nianze na onyo. Humbaka haitibu kila kelele, na ni vizuri ujue ugonjwa kabla ya kununua dawa. Washa ampu, fungua volyumu, usipige kitu. Geuka taratibu huku umelishika gitaa. Kelele ikipanda na kushuka unapogeuka, hiyo inaingia kupitia koili, na humbaka itaiua. Kelele ikipungua unapogusa nyuzi na kurudi unapoziachia, tatizo ni kinga: lile shimo lenye nyaya ndani ya gitaa halijafunikwa vizuri kwa foili ya shaba, au kinga hiyo haijaunganishwa na ethi. Na kelele ikibaki vilevile hata ukifunga kabisa volyumu ya gitaa, liache gitaa lako kwa amani. Tafuta kwenye waya wa jeki, kwenye ampu, au kwenye umeme wa jengo lenyewe. Mara nyingi ampu imechomekwa ukuta huu na mikisa ukuta ule, ethi zao zinazungukana, zinanguruma. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja, kelele itapungua sana.

Kamwe usikubali fundi aikate pini ya ethi kwenye plagi ili kelele ikome. Nyuzi za gitaa lako zimeunganishwa na ethi hiyo, na mdomo wako uko karibu na maikrofoni. Ukihisi umeme unakuchoma midomo, hasa pale ukumbi unapotumia jenereta, acha kupiga, zima vyombo, na usirudi jukwaani mpaka hitilafu imepatikana. Wanamuziki wamekufa kwa jambo hili.

Turudi kwenye swichi. Humbaka mbili ni koili nne, na karibu utajiri wote wa gitaa hili unatokana na namna koili hizo zinavyounganishwa. Ukikumbuka masomo ya fizikia ya sekondari, mambo mawili yanatosha: mfululizo na sambamba.

Katika mfululizo, umeme unapita koili ya kwanza, ukimaliza unaingia ya pili. Volti za koili zote mbili zinajumlishwa. Ikiwa kila koili ina ukinzani wa kilo-omu 6, pikapu nzima itasoma 12. Pamoja na nguvu hiyo kuna jambo lingine ambalo sikio hulisikia haraka: sauti za juu kabisa zinapungua na sauti za kati zinanenepa. Noti inakuwa na kifua. Ukipiga kwa vidole karibu na shingo, unapata besi nzito ya kiasili, ile inayobeba bendi nzima bila kuonekana inajitahidi.

Katika sambamba, koili zote mbili zinapeleka umeme kwa pamoja kupitia njia mbili. Ukinzani wa pikapu ile ile sasa unasoma kilo-omu 3. Nguvu inashuka hadi takriban nusu ya volti za mfululizo, yaani desibeli 6 chini, lakini sauti inafunguka. Unasikia ukucha ukigusa uzi, unasikia noti inapoanza na inapokatwa. Kwa slapu, na kwa mapigo ya haraka ya kukatakata kama yale ya sebene la Kikongo, hapa ndipo pa kuanzia. Jambo la kufurahisha ni kwamba katika hali zote mbili koili bado zinafutana mngurumo. Kwa upande wa kelele huna unachopoteza kwa kubadili.

Ipo hali ya tatu ambayo magitaa mengine huiweka: kuzima koili moja na kuacha moja peke yake. Sauti inakuwa nyembamba na yenye makali, inayokaribia Jazz Bass ya Fender ya mwaka 1960, na watu wengi wanaipenda. Mimi naishauri kwa tahadhari, kwa sababu ukizima koili moja mngurumo unarudi wote. Studio yenye umeme safi, sawa. Ukumbi wenye taa za kufifiza na friji za soda nyuma ya jukwaa, hapana. Music Man walilifikiria tatizo hili kwenye StingRay ya nyuzi 5: swichi yake ilikuwa na mfululizo, koili moja na sambamba, na kwenye ile hali ya koili moja waliongeza koili ya ziada iliyofichwa ndani kwa kazi ya kufuta mngurumo tu. Ukikuta gitaa lenye ufundi kama huo, ujue aliyelibuni aliwahi kusikiliza jukwaa halisi.

Aliyeyaweka haya yote pamoja kwa namna ninayoiona kuwa bora ni mzee Leo Fender, yule yule aliyeleta Precision Bass mwaka 1951. Alipokwisha kuiuza kampuni yake kwa CBS mwaka 1965, hakuacha kubuni. Mwaka 1976 akiwa na Music Man ilitoka StingRay, yenye humbaka moja iliyofungwa kwa sambamba, pamoja na priampu ya betri, yaani kikuza sauti kidogo kilichomo ndani ya gitaa. Ndiyo aliyoipiga Bernard Edwards wa Chic, na ukimsikiliza utajua sambamba inafanya nini katika muziki wa kuchezeka. Kisha mwaka 1980, kupitia G&L, kampuni aliyoianzisha pamoja na George Fullerton, ikaja L-2000. Humbaka mbili, nobu tatu za volyumu, trebo na besi, na swichi ndogo tatu. Ya kwanza inachagua pikapu: ya shingo, zote mbili, au ya daraja. Ya pili inazipanga koili kwa mfululizo au sambamba. Ya tatu inaamua kama priampu imezimwa, imewashwa, au imewashwa na kuongeza sauti za juu.

Piga hesabu: tatu mara mbili mara tatu, hali 18. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Wanazunguka zote 18 chumbani, kila moja inavutia kwa dakika moja, na wakifika jukwaani hawajui washike ipi. Ushauri wangu ni kuchagua tatu tu, uzijue kwa vidole bila kutazama, na nyingine uziache kwa siku za kurekodi.

Namna ya kuzichagua hizo tatu ndiyo kiini cha jambo lote, na haifanyiki ukiwa peke yako. Sauti tamu zaidi chumbani au dukani kwa kawaida ni pikapu zote mbili kwa pamoja, sambamba, priampu imewashwa. Inang'aa juu, inatetemesha chini, katikati pana nafasi tupu. Nafasi hiyo ina sababu: pikapu mbili zinausoma uzi mmoja kutoka sehemu mbili tofauti, na baadhi ya sauti za kati zinakutana zikiwa zimepingana, zinafifia. Ukiwa peke yako unaufurahia upana huo. Akiingia mpiga dramu na mpiga kinanda, chini panachukuliwa na dramu kubwa, juu panachukuliwa na matoazi na magitaa, na wewe uliyekuwa huna katikati unatoweka. Unaongeza volyumu, kila mtu anaongeza, na fundi mitambo anakulaumu.

Jukwaani besi inasikika kwa sauti zake za kati. Uzi wa E ulio wazi hutetema mara 41 kwa sekunde, na spika nyingi tunazokodisha haziwezi kuitoa noti hiyo kwa nguvu yoyote ya maana. Kinachomfikia msikilizaji ni oktavu yake, mara 82, na sauti zilizo juu yake, na ubongo unamalizia kilichokosekana. Kwa hiyo kadiri spika zinavyokuwa ndogo, ndivyo unavyohitaji pikapu ya daraja na mfululizo, ingawa ukiwa peke yako sauti hiyo itakuudhi kwa ukavu wake. Jaco Pastorius alijenga sauti yake maarufu zaidi kwenye pikapu ya daraja, na hakuna aliyewahi kusema hasikiki.

Bendi ya dansi ina mahitaji yake. Kuna gitaa la solo, la rithimu, pengine na la pili la solo, kisha tarumbeta na saksafoni. Katikati pamejaa. Hapo ningeanza wimbo kwa pikapu ya shingo, mfululizo, priampu imezimwa, ili waimbaji wapate sakafu ya kusimama. Wimbo ukigeuka kuingia kwenye chemko, mapigo yanapokatwa na magitaa yanajibizana, nageuzia zote mbili au ya daraja, sambamba, ili kila pigo lisikike linapoanza. Swichi mbili tu zimeguswa, na bendi nzima inahisi wimbo umepanda. Huo ndio utamu wa chombo hiki, na unautumia mara moja ndani ya wimbo, pale panapostahili.

Kwaya ni jambo jingine. Adui wako pale ni mkono wa kushoto wa mpiga kinanda, unaopiga noti zilezile unazopiga wewe, kwenye oktavu ileile. Hakuna swichi itakayoumaliza mgongano huo. Kaa naye kabla ya ibada, mwombe kwa heshima apandishe mkono wa kushoto oktavu moja au aupumzishe pale besi inapoingia. Ukishapata nafasi hiyo, pikapu ya shingo kwa mfululizo, trebo imepunguzwa kidogo, inakaa chini ya sauti za waimbaji bila kuwafunika. Katika taarabu ya vikundi vikongwe vya Zanzibar kazi hiyo ilikuwa ya dabo besi, yenye noti inayoanza kwa uzito na kufa mapema. Ukiitwa kupiga na kikundi cha namna hiyo kwa gitaa la umeme, tumia hali hiyo hiyo, kisha weka kipande cha sponji chini ya nyuzi karibu na daraja. Utashangaa jinsi inavyokaribia.

Mahali pikapu ilipo pana uzito kuliko idadi ya koili. Gibson EB-3 ya mwaka 1961 ilikuwa na humbaka mbili na swichi ya kuzungusha yenye hali nne, lakini ile kubwa iliwekwa mwisho kabisa wa shingo, ikatoa sauti nene yenye giza. Jack Bruce wa Cream aliifanya iimbe kwa sababu ampu zake zilikuwa zinalia kwa kuzidiwa, na alipiga noti nyingi za juu. Ukiipeleka kwenye harusi ya kwetu yenye spika za kukodi, huenda usisikike kabisa. Kabla ya kusoma orodha ya swichi, tazama humbaka zimekaa wapi.

Kuna mtego wa volyumu. Kwa kuwa mfululizo una nguvu karibu mara mbili ya sambamba, fundi mitambo akikupimia ukiwa kwenye sambamba, ukigeuza utampasulia spika. Wakati wa kupima sauti, mpe kwanza hali yako yenye nguvu zaidi, piga kwa nguvu utakayotumia wimbo ukikolea, aweke geini yake hapo. Kisha mwonyeshe zile nyingine mbili. Dakika tatu za kazi hiyo zinakupatia usiku mzima wa amani. Na kama pikapu zako zina nguvu kupita kiasi, zishushe kwa skrubu zake badala ya kupambana na mikisa. Sumaku iliyokaa karibu mno na uzi mnene huuvuta, na noti za juu ya shingo zinatoka na mayowe yasiyo kwenye tyuni.

Priampu ina kazi moja ambayo haizungumzwi vya kutosha: kuulinda waya mrefu. Pikapu isiyo na priampu inapoteza trebo kadiri waya unavyorefuka, na ukiwa mita kumi kutoka kwenye ampu utaisikia hasara hiyo. Ukipiga bila priampu moja kwa moja kwenye mikisa, pitia kwanza kwenye DI boksi, kisanduku kinachoiandaa sauti ya gitaa kwa ajili ya mikisa. Usichomeke tundu la laini la kawaida, sauti itakuwa imekufa. Hata hivyo naliheshimu zaidi gitaa linaloweza kulia bila betri. Betri ya volti 9 huisha katikati ya shughuli, haichagui siku, na maduka usiku yamefungwa. L-2000 inageuzwa swichi moja na kuendelea. Yamaha TRBX504, yenye humbaka mbili pia, ina swichi kama hiyo. Magitaa mengine mengi yenye priampu yanategemea betri, ikiisha yananyamaza. Hayo si mabaya, lakini mwenye nayo awe na betri mpya mfukoni kila siku ya kazi. Na ukimaliza kupiga chomoa jeki, kwa sababu ni jeki hiyo inayoiwasha priampu.

Unapokwenda kununua, la kwanza kujua ni swichi inabadili nini. Kuna swichi zinazobadili koili na kuna swichi zinazobadili ikwalaiza tu. Yamaha TRBX304 ina swichi ya hali tano, na zote tano ni mipangilio ya ikwalaiza, koili haziguswi. Ibanez SR300E ina swichi ya hali tatu inayogusa koili zenyewe. Yote mawili yana faida, ila bei na maneno ya muuzaji visikuchanganye. Mimi binafsi nikiambiwa nichague kati ya swichi moja ya mfululizo na sambamba na priampu yenye nobu tano, nachagua swichi. Ikwalaiza ipo kwenye ampu na kwenye mikisa. Koili zipo kwenye gitaa peke yake.

Fanya na jaribio hili, ambalo halihitaji fundi. Punguza volyumu ya ampu, chukua bisibisi ndogo, gusa taratibu vichwa vya chuma vya kila koili. Koili iliyo hai italia tiki kwenye spika. Geuza swichi, gusa tena. Kwenye mfululizo na sambamba koili zote mbili za pikapu zinapaswa kulia. Kwenye hali ya koili moja, moja inalia na nyingine inanyamaza. Swichi isiyobadili chochote ama imekufa, ama haijaunganishwa. Kisha washa pikapu zote mbili na upige noti ya chini. Sauti ikiwa tupu, kana kwamba uzito umeibwa, pikapu moja imeungwa kinyume cha mwenzake. Hiyo ni kazi ya dakika chache kwa mwenye chuma cha kulehemu, kwa hiyo iombee punguzo la bei badala ya kuliacha gitaa. Malizia kwa kuitoa betri na kusikiliza kinachobaki.

Kama tayari una gitaa lenye humbaka mbili bila swichi hizi, huenda hulazimiki kununua jingine. Fungua kifuniko cha nyuma uhesabu nyaya zinazotoka kwenye kila pikapu. Zikiwa nne pamoja na kinga, kila koili ina ncha zake mbili, na fundi redio anayejua kazi yake anaweza kukufungia swichi ndogo ya miguu sita ya mfululizo na sambamba. Mpe mchoro uliochapwa, na muulize kwanza kampuni ya pikapu imetumia rangi gani kwa ncha ipi, maana kila kampuni ina mpangilio wake. Nyaya zikiwa mbili tu, koili zimeshaungwa ndani kwa ndani. Kuzifungua ni kuhatarisha waya mwembamba kuliko unywele, na sishauri.

Wa Pwani wana kazi ya ziada. Chumvi ya hewani inakula swichi ndogo kabla haijala kitu kingine, na swichi ya Zanzibar au Tanga isiyoguswa miezi mitatu itaanza kukwaruza na kukatika. Zigeuze zote mara kadhaa kila juma hata kama huzitumii, ili vigusio vijisugue. Ikianza kukwaruza, puliza dawa ya kusafishia vigusio vya umeme, ile inayokauka bila kuacha mafuta, kisha igeuze haraka mara nyingi. Lihifadhi gitaa ndani ya begi lake pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu, na betri itolewe kama hutalipiga kwa muda, kwa sababu ikivuja kwenye joto letu inaozesha klipu na waya wake. Shusha volyumu kila unapogeuza swichi ya priampu, kwani mlio wake wa pu! unaweza kuichana spika ya bei kubwa.